Njia mbili na intaneti hakuna: kisa cha ofisi ya uwakala wa forodha Tanga

Usuli

Ofisi inayozungumziwa hapa ni ya uwakala wa forodha, iko Tanga mjini, si mbali na bandari. Jina lake, mtaa wake na kampuni zinazoiuzia intaneti nimeviondoa. Mambo mawili matatu yasiyogusa kiini cha kisa nimeyageuza ili isitambulike.

Ni ofisi ya watu wachache. Yupo mwenye ofisi, ambaye wote humwita Mzee, yupo dada wa uhasibu, wapo vijana wanaoandaa kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, kwenye kompyuta, na wapo wanaokimbiza nyaraka bandarini. Zamani meli kubwa zilitia nanga nje na mzigo ukaletwa nchi kavu kwa matishari. Tangu lango la bandari na gati vichimbwe hadi kina cha mita 13, meli inafunga gatini na mzigo unashuka kwa kasi. Kwa wakala hiyo ni neema, ila muda wa kuandaa nyaraka umekuwa mfupi, na kila kitu kinapita mtandaoni: TANSAD, yaani hati ya kadhia, inatumwa kwenye mfumo wa forodha, namba ya malipo inatoka kwenye mfumo, malipo yanathibitishwa kwenye mfumo, na ruhusa ya kutoa mzigo ni hivyo hivyo. Intaneti ikikata saa nne asubuhi, kontena linabaki pale pale. Siku za bure zikiisha, mteja anaanza kulipia uhifadhi, na mteja wa Arusha au Moshi hataki kusikia habari za nyaya.

Kwa sababu hiyo Mzee alikuwa na njia mbili za intaneti muda mrefu kabla ya kisa hiki. Njia kuu ilikuwa fiba. Njia ya akiba ilikuwa laini ya simu iliyowekwa kwenye modemu ya USB, nayo imechomekwa kwenye ruta ya MikroTik, kifaa kinachogawa intaneti ofisini. Ofisi ilikuwa pia na VPN, njia ya faragha inayopita juu ya intaneti, ya kuunganisha kompyuta za Tanga na seva ya hesabu iliyoko tawi la Dar es Salaam. Fundi aliyezifunga alifanya jaribio mbele ya watu: alichomoa waya wa fiba, wakasubiri kidogo, intaneti ikarudi kupitia laini ya simu. Kila mtu akaridhika, na kazi ikalipwa.

Kilichotokea

Ilikuwa masika, asubuhi ya siku ya kazi, na meli imefunga gatini tangu jana yake. Intaneti ikakata. Vijana wakasubiri ruta ihame yenyewe kama walivyoonyeshwa siku ile ya jaribio. Haikuhama. Wakaizima na kuiwasha, ikarudi vile vile. Mmoja akawasha hotispoti ya simu yake, wa pili naye, na kwa muda kadhia zikasogea kwa simu hizo mbili hadi bando zilipoisha. Seva ya hesabu ya Dar es Salaam haikufikika kabisa, kwa hiyo dada wa uhasibu hakuweza kutoa ankara hata moja. Jioni walikuwa na kontena mbili ambazo ruhusa zake zilipaswa kutoka siku hiyo na hazikutoka.

Niliitwa wakati hitilafu bado ipo. Baada ya shikamoo na marahaba Mzee hakunizungusha: "Fundi, mimi nalipia njia mbili. Leo sijapata hata moja. Niambie hela yangu inakwenda wapi."

Lilikuwa swali la haki, na kazi yote iliyofuata ilikuwa ni kulijibu.

Uchunguzi

Kuikuta hitilafu ikiwa hai ni bahati ambayo fundi haipati mara nyingi. Kisanduku cha fiba kilikuwa ukutani juu ya kabati la mafaili. Taa ya PON, inayoonyesha kwamba kisanduku kimeungana na kituo cha kampuni, ilikuwa kijani, imetulia. Taa ya LOS, ile inayowaka nyekundu mwanga unapopotea kwenye uzi wa fiba, ilikuwa imezimika. Kwa macho, njia kuu ilikuwa nzima.

Nikaunganisha kompyuta yangu kwenye ruta na kupiga pingi (ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?" na kusubiri jibu) kwenye lango la kampuni ya fiba, yaani kituo cha kwanza ukishatoka ofisini. Jibu lilirudi kwa milisekunde tatu. Nikapiga 8.8.8.8, anwani ya Google inayojulikana na kila fundi: kimya. Nikapiga 1.1.1.1 ya Cloudflare: kimya. Nikafuatilia njia hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza ilijibu, ya pili ikajibu, kuanzia ya tatu zikaja nyota tupu hadi mwisho wa ukurasa.

Hapo jambo likawa wazi. Uzi wa kutoka ofisini hadi kituo cha kampuni hapa mjini ulikuwa salama. Kilichokatika kilikuwa mbele zaidi. Baadaye kampuni ilieleza kwamba mashine ya barabara ilikuwa imechimba kebo nje ya mji. Ruta nayo ilikuwa imeamriwa jambo moja tu: hama pale lango la fiba litakapoacha kujibu pingi. Kwa mpangilio huo MikroTik huuliza lango kila sekunde 10, na majibu mawili mfululizo yakikosekana inaihesabu njia kuwa imekufa. Lango hili halikukosa kujibu hata mara moja. Ni kama kugonga kwa jirani, akaitika, ukaamini mtaa mzima uko salama. Ruta ilitii ilichoambiwa, na ikaendelea kupeleka kazi zote za ofisi kwenye njia isiyofika popote.

Jaribio la kuchomoa waya lilikuwa limewadanganya. Waya ukichomolewa, njia inakufa kwa namna ambayo ruta inaiona papo hapo. Fiba inapokatika mbele ya kituo cha kampuni haifi hivyo. Taa zinabaki kijani, lango linajibu, na kinachokosekana ni dunia iliyo nyuma ya lango.

Nikaizima njia ya fiba kwa mkono ndani ya ruta ili kuilazimisha ihamie laini ya simu. Ikahama, na intaneti bado hakuna. Hapa uchunguzi ukawa mrefu, kwa sababu njia ya akiba nayo ilikuwa na matatizo yake matatu, na kila moja lingetosha kuizuia peke yake.

La kwanza lilikuwa bando. Lilikuwa la mwezi, na mwezi ulishapita bila mtu kujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiitumia laini ile.

La pili lilikuwa mahali. Modemu ilikuwa ndani ya kabati la chuma, nyuma ya ruta. Nguvu ya mawimbi, inayopimwa kwa dBm na ambayo kadiri inavyosogea sifuri ndivyo ilivyo bora, ilisoma −113. Kwa 4G huo ni ukingo wa kupotea kabisa.

La tatu ndilo lililonisikitisha zaidi, maana si la kiufundi hata kidogo. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha kijana aliyeacha kazi na kuhama mkoa. Ofisi ilikuwa ikiitegemea namba ambayo kisheria si yake. Laini ikifungwa au kadi ikiharibika, hakuna mtu ofisini ambaye angeweza kwenda dukani kuirudisha.

Kulikuwa na kasoro moja zaidi, ambayo siku hiyo haikudhuru lakini ingedhuru siku umeme ukikatika. Ruta na swichi vilikuwa kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, ila kisanduku cha fiba kilikuwa kimechomekwa moja kwa moja ukutani. Nimekuta hivyo katika ofisi nyingi, kwa sababu kisanduku kinafungwa na watu wa kampuni na UPS inaletwa na mtu mwingine siku nyingine.

Maamuzi na sababu zake

*Njia ya pili iwe ipi.* Mzee alipendelea fiba ya pili kutoka kampuni nyingine. Ni njia nzuri kwa kasi, lakini kwa mtaa ule nyaya za kampuni zote mbili zingepita kwenye nguzo zile zile na kuvuka barabara ile ile. Lori moja refu au nguzo moja ikianguka ingeondoka na zote. Tukakubaliana kubaki na mawimbi ya simu, ila ya kampuni tofauti na ile ya fiba. Modemu ya USB ikaachwa, badala yake ikafungwa modemu ya nje yenye antena, juu ya paa, inayopokea umeme kupitia kebo ya mtandao. Pale juu mawimbi yalisoma −87, na hapo ofisi inaweza kufanya kazi kwa raha.

Kwa walio pwani, hewa ya chumvi inakula viunganishi. Kebo ilikuwa ya nje, isiyooza kwa jua, ikapindwa kitanzi cha kushuka kabla ya kuingia dirishani ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata kebo hadi ndani. Mlingoti ukaunganishwa na waya wa ardhi kwa ajili ya radi.

Laini mpya ilisajiliwa kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za kampuni. Uamuzi huu haukugharimu chochote zaidi ya safari ya Mzee dukani, na ukiniuliza mimi, ulikuwa na uzito sawa na antena.

*Nani aseme njia imekufa.* Huu ndio ulikuwa moyo wa kazi. Tuliacha kuuliza lango, tukaamua ruta iulize anwani tatu za mbali kupitia fiba pekee: 8.8.8.8, 1.1.1.1, na anwani moja ya kampuni ya Dar es Salaam inayohifadhi tovuti ya ofisi, kwa ridhaa yao. Anwani mbili za kwanza ni za wenye mali tofauti, kwa hiyo moja ikigoma kujibu kwa sababu zake yenyewe, ofisi haitahamishwa bure. Ya tatu ni ya ndani ya nchi, na nilisisitiza iwepo kwa sababu ya yaliyotokea tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Katika hali kama ile mifumo iliyoko ndani ya nchi inaweza kuwa inafikika wakati anwani za nje hazijibu vizuri. Kuhamia mtandao wa simu hakusaidii kitu, maana nao unatokea baharini. Unakuwa umeiacha fiba yenye kasi na kuanza kula bando bila faida.

Kanuni ikawa hivi. Skripti, yaani programu fupi, ndani ya ruta inapiga pingi anwani zote tatu kila sekunde 10. Zote tatu zikikosa kujibu kwa raundi tatu mfululizo, fiba inashushwa daraja na laini ya simu inashika kazi. Yaani kama nusu dakika tangu hitilafu ianze. Tungeweza kufanya iwe haraka zaidi, lakini fiba huwa inapepesuka kwa sekunde chache na kutulia. Kuhama kwa kila kupepesuka kungewatesa watumiaji kuliko kusubiri.

Anwani ya mbali inayotumika kupima ni lazima ifungwe kwenye njia inayopimwa. Isipofungwa, ruta ikishahamia laini ya simu pingi zitapita huko, zitajibiwa, ruta itadhani fiba imepona na kurudi, itakuta imekufa, itahama tena, na mchezo hautaisha. Lakini ukishaifunga, kumbuka kwamba fiba ikifa, anwani hiyo haifikiki na mtu yeyote ofisini. Ndiyo maana kwa kampuni ya Dar es Salaam tuliomba anwani isiyobeba barua pepe wala tovuti ya ofisi.

*Kurudi kwenye fiba.* Kwenda ni nusu dakika, kurudi ni dakika 10 za majibu safi bila kukosa. Mafundi wa fiba wanapotengeneza kebo iliyokatika, njia hurudi na kupotea mara kadhaa kabla ya kutulia. Afadhali ofisi ikae kwenye laini ya simu muda kidogo zaidi kuliko kurushwa huku na huku.

*Nani apite kwenye akiba.* Hapa palikuwa na mabishano. Bando lina mwisho, na kamera zinazopeleka picha nje, masasisho ya Windows na simu za wafanyakazi kwenye waifai vinaweza kulimaliza kabla ya adhuhuri. Nilipendekeza kwamba fiba ikifa zipite kompyuta za kadhia, ya uhasibu na VPN tu. Mzee alitaka simu yake nayo ipite. Dada wa uhasibu ndiye aliyelimaliza kwa upole: "Mzee, simu yako ina bando lake. Ankara hazina." Ikawa hivyo.

*Miunganisho iliyokwama.* Jambo hili wengi hulisahau, kisha wanailaumu laini ya simu. Ruta hukumbuka kila muunganisho ulio wazi pamoja na anwani uliotokea nayo. Njia ikibadilika huku waya wa fiba bado unaonekana mzima, miunganisho ya zamani inaendelea kubeba anwani ya fiba ingawa sasa inatokea kwenye laini ya simu, na mtandao wa simu unaitupa. VPN ni mbaya zaidi, kwa sababu yenyewe hutuma ujumbe mdogo kila baada ya sekunde kadhaa ili ibaki hai, na kila ujumbe unaifanya ruta iendelee kuukumbuka muunganisho ule ule uliokufa. Unaweza kusubiri hadi jioni. Kwa hiyo skripti, baada ya kuhamisha njia, inafuta kumbukumbu za miunganisho ya njia iliyoachwa ili kila programu ianze upya. Tulihakikisha pia VPN inaanzishwa kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam, kamwe si kinyume, kwa kuwa laini ya simu haipewi anwani yake yenyewe ya hadharani na hakuna anayeweza kuigonga kutoka nje.

*Habari ifike kwa mtu.* Kila kuhama na kila kurudi, ruta inatuma ujumbe kwa Mzee na kwa dada wa uhasibu. Mara moja kwa siku, asubuhi kabla ya kazi, inapiga pingi chache kupitia laini ya simu ingawa haitumiki, na isipojibiwa inatuma taarifa. Akiba ambayo haijapimwa inaoza bila harufu. Lile bando lilikuwa limeoza hivyo.

Majaribio

Yalifanyika Jumamosi mchana wafanyakazi wakiwepo, kila mmoja kwenye kompyuta yake na kazi halisi mbele yake. Hatukuanza kwa kuchomoa waya. Tuliweka kanuni kwenye ruta ya kutupa kila kinachopita fiba isipokuwa mazungumzo na lango, yaani tuliiga hali ile ile ya asubuhi ya masika: taa kijani, lango linajibu, nje hakuna kitu. Baada ya kama nusu dakika ruta ikahama. Simu ya Mzee ikalia ujumbe.

Kompyuta mbili zikasema hakuna intaneti, ingawa nyingine zote zilikuwa nayo. Tulipozifungua tukakuta kuna wakati mtu alikuwa ameziandikia kwa mkono 8.8.8.8 kama DNS, yaani seva inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Anwani hiyo sasa ilikuwa imefungwa kwenye fiba, kwa hiyo zikawa haziwezi kutafsiri jina la tovuti yoyote. Tukazirudisha zichukue DNS kutoka kwenye ruta, na ruta yenyewe ikapewa seva za majina zisizo katika zile tatu za kupimia. Jaribio la kuchomoa waya lisingeweza kulionyesha jambo hili kwenye mpangilio wa zamani, maana zamani hakukuwa na anwani iliyofungwa.

Jambo la pili lilijitokeza na halikuwa na dawa upande wetu. Kijana mmoja alikuwa katikati ya kujaza kadhia. Ruta ilipohama, anwani ya ofisi inayoonekana nje ilibadilika, na mfumo ukamtoa na kumtaka aingie upya. Alichokuwa hajahifadhi kilipotea. Ni kinga ya kawaida ya mifumo ya namna hiyo, na ruta haiwezi kuizuia. Tulichoweza ni kuwaambia wote wazi: hifadhi rasimu kila ukurasa, na ukiona umetolewa ghafla usiizime ruta, ingia tena.

Kisha tukazima umeme wa jengo. Kisanduku cha fiba, ambacho sasa kilikuwa kwenye UPS, kikabaki kinawaka.

Matokeo

Fiba ilikatika tena kabla masika hayajaisha. Logi ya ruta ilionyesha kuhama saa 4:42 asubuhi na kurudi alasiri. Vijana waliona kitu kimoja tu, kutolewa kwenye mfumo mara moja. Kadhia za siku hiyo zilikwenda zote na ankara zilitoka. Bando lilitosha, kwa sababu kamera na masasisho vilikaa nje. Mzee alinipigia kuniambia kwamba alijua fiba imekatika kabla kampuni yenyewe haijajua, na sauti yake ilikuwa tofauti kabisa na ya siku ile ya kwanza.

Jioni moja, wiki kadhaa baadaye, njia zote mbili zilikufa kwa pamoja. Ruta ilihama kama ilivyoamriwa, lakini laini ya simu nayo haikufika mbali. Mnara wenyewe ulikuwa hewani, mawimbi yalikuwa kamili, ila mnara hupokea intaneti kutoka mahali fulani, na ilibainika kwamba mahali hapo palifikiwa kwa kebo iliyopita kwenye mkuza mmoja na ile ya fiba, kuelekea Segera. Wakati wa kuchagua kampuni tuliuliza mnara unalishwaje. Muuzaji hakuwa na jibu lenye ushahidi, na Mzee aliukubali wasiwasi huo akijua upo.

Baada ya hapo lililetwa wazo la njia ya tatu. Nilishauri wasiinunue. Hitilafu ya aina hiyo ni nadra, na gharama ya kila mwezi haikulingana na hasara. Badala yake ofisi iliandika utaratibu wa karatasi moja, uliobandikwa karibu na ruta: njia zote zikifa zaidi ya dakika 15 saa za kazi, nyaraka zilizokwisha kuandaliwa zinapigwa picha na simu, mmoja anatafuta mahali penye mtandao, na tawi la Dar es Salaam linatuma kadhia kwa niaba ya Tanga. Nywila za kuingilia ziliwekwa sawa mapema, kila mtu na yake, ili siku hiyo wasiazimane.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kuhamisha kipimo kutoka kwenye lango kwenda nje. Vifaa vya zamani vingeweza kufanya hivyo. Ruta haikubadilishwa, ni ile ile. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu ofisi nyingi zikipata hitilafu kama hii huuziwa ruta mpya ya bei kubwa, ambayo nayo inafungwa kwa kuuliza lango, na ugonjwa unabaki. Kabla ya kununua chochote, muulize fundi wako swali moja: ruta yangu inajuaje kwamba njia kuu imekufa? Akijibu kwamba inaona waya umechomoka, au kwamba inauliza lango, kazi bado haijaisha.

Pili, kazi ya kumiliki. Bando lililoisha na laini yenye alama za vidole za mtu aliyeondoka ni mambo ambayo hakuna skripti ingeyaponya. Yaliponywa kwa kumpa mtu mmoja jukumu. Dada wa uhasibu sasa ananunua bando siku ile ile anayolipia fiba, na ripoti ya pingi ya asubuhi inamfikia yeye. Sikuwahi kuona ofisi ambayo njia ya akiba ilidumu bila mtu mwenye jina aliyepewa kuiangalia.

Kilichoshindikana ni utengano wa kweli. Kampuni mbili tofauti, teknolojia mbili tofauti, moja ya waya na nyingine ya hewa, na bado zilikutana kwenye mtaro mmoja. Kwa miji kama Tanga, ambako kebo za kampuni tofauti zinaweza kufuata barabara kuu ile ile, hali hii si ya kushangaza na haitibiki kwa kubadilisha kampuni kwa kubahatisha. Anayetaka utengano halisi adai ramani ya njia ya kebo kwa maandishi kabla ya kusaini, na kama hapewi, apange kazi yake akijua kwamba njia zake zote mbili zinaweza kuwa moja.

Kutolewa kwenye mfumo kila ruta inapohama nako kumebaki. Ipo njia ya kuondoa usumbufu huo, nayo ni kupitisha kazi zote kwenye VPN ya Dar es Salaam ili anwani inayoonekana nje iwe ile ile daima, njia yoyote itakayotumika Tanga. Tuliipima. Iliongeza ucheleweshaji, na ingeifanya Tanga isimame kila mara tawi la Dar es Salaam linapokosa umeme. Kwa ofisi ya ukubwa ule, kuingia tena mara moja kwa hitilafu ni nafuu kuliko kujifunga kwenye umeme wa jengo lililo mkoa mwingine. Benki au hospitali ingeamua vingine, na ingekuwa sahihi.

Jaribio la Jumamosi limekuwa desturi ya ofisi. Kila baada ya miezi mitatu kanuni ile ya kutupa vinavyopita fiba inawashwa kwa saa moja watu wakiwa kazini, na safari ya mwisho ilionyesha kompyuta mpya ya kijana mgeni ikiwa na 8.8.8.8 iliyoandikwa kwa mkono. Aliyeigundua ni dada wa uhasibu, na aliirekebisha mwenyewe kabla hajanipigia.